Osuri ya Baba Haina Mchwa

Osuri iliyo juu ya nyumba ya baba yangu si ya mti. Ni ya resini, ile plastiki ya maji inayomiminwa ikaganda, iliyochanganywa na vumbi la mbao na kakao ya kunywa, na katikati yake kuna kipande cha nondo. Nimelikana jambo hili kwa miaka. Nililikana mbele ya binamu zangu, nikalikana mbele ya mchungaji aliyeniuliza kwa upole huku akila chapati, nikalikana hata kwa jirani aliyesema kwamba mvua ikinyesha osuri yetu inang'aa kama gari lililotoka kuoshwa. Huyo nilimwambia ni vanishi. Sasa imeanza kugeuka njano, na hakuna mti ninaoujua unaogeuka njano ukiwa umekufa, kwa hiyo naona ni heri niseme mwenyewe.

Kwa asiyejua, osuri ni kile kijiti kinachosimama juu kabisa ya paa la nyumba ya mwenye boma huku kwetu. Kikiwa pale, mwenyewe yupo. Akifa, kinashushwa na kuvunjwa. Hakuna sababu nyingine ya kukishusha. Siku hizi nyumba nyingi za mabati hazina osuri, na watu wanaishi na kufa bila kuweka tangazo juu ya paa. Lakini baba alifanya kazi ya kupima mashamba mpaka alipostaafu, na ni mtu anayependa kila kitu kijulikane kinaishia wapi. Alipojenga kule Asembo Bay alitaka osuri yake, mabati au si mabati. Ilikuwa na urefu wa mkono wa mtu mzima, nundu tatu, ncha kali, na ilikuwa imeinama kidogo upande wa ziwa kwa sababu siku ya kuifunga baba na fundi walikuwa wamegombana kuhusu chai. Watu wakielekeza wageni walisema: pita kanisa, tafuta osuri iliyoinama.

Wakati ninaouzungumzia, baba alikuwa kwangu Mamboleo, Kisumu, akiuguza mshono wa upasuaji wa ngiri. Si ugonjwa wa kutisha, lakini kijijini hakuna ugonjwa mdogo kwa mtu aliyepelekwa Kisumu akiwa amelala kiti cha nyuma cha gari. Mshono ulikuwa umepona, begi lake lilikuwa limeshafungwa, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuota sebule yangu ikiwa tupu, ndipo mama akapiga simu kutoka nyumbani.

"Ule upepo wa jana," akasema, "umeiangusha osuri. Imeanguka kwenye sukuma wiki."

"Mwambie fundi airudishe."

"Ingekuwa wewe umeishika usingesema hivyo. Mchwa wameimaliza. Nikiibonyeza inalia kama biskuti." Akapunguza sauti. "Nimeifunika na leso nikaiingiza ndani kama mtoto. Iko chini ya kitanda. Hakuna aliyeniona."

Nilimweleza baba nikidhani atacheka. Yeye ni mzee wa kanisa, na mambo ya mila huyazungumzia kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za nchi nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kijiti tu," akasema.

"Ni kijiti tu. Basi Jumamosi nakupeleka."

"Kijiti kikirudi," akasema, akafungua begi na kuanza kutoa mashati yake moja moja.

Nilipendekeza tuchongeshe nyingine. Alinitazama kwa huruma. Ananiita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na akiwa anataka kunionyesha ujinga wangu hulitamka neno hilo polepole sana. "Mama. Ukiweka mpya, watu watauliza ya zamani ilishushwa na nani. Na wewe unajua osuri inashushwa lini." Ilibidi irudi ileile, yenye nundu zilezile, imeinama vilevile, kana kwamba haijawahi kuondoka. Halafu akazima simu yake, kwa sababu kila aliyepiga alimuuliza anarudi lini, na mzee wa kanisa hasemi uongo. Ilikaa imezimwa juu ya televisheni.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu uliosomeshwa chuo kikuu. Mwaka ule nilikuwa nimejifunza kwa video kumimina resini, na nilitengeneza vile vibao vya kuwekea kikombe, kila kimoja na ua la zambarau la magugumaji kutoka ziwani. Maua sikuyakausha vizuri, yakaoza ndani kwa ndani, na vibao vyote vikaishia kuonekana kama majani ya chai yaliyosahaulika kwenye birika. Niliwagawia wenzangu kazini. Kwa ujuzi huo nikamwambia baba kwamba naweza kutengeneza nakala ya osuri ambayo hata seremala hataitofautisha.

"Nakala ya karatasi?" akauliza.

Osuri ilifika Kisumu ndani ya gunia, kwenye gari lililobeba omena, wale dagaa wa ziwani, na ikanuka hivyo mpaka mwisho wa maisha yake. Nikaenda mjini kwenye duka la rangi la familia moja ya Kihindi ambako ndiko ninakonunulia vifaa vyangu. Mwenye duka anaongea Dholuo safi kuliko watoto wangu. Akaniuliza safari hii namimina nini.

"Pambo la bustani."

"Kubwa?"

Nikamwonyesha kwa mkono, kuanzia kiwiko na kwenda juu, na bila kufikiri nikachora nundu tatu hewani. Aliutazama mkono wangu kwa muda.

"Mama, sisi ni watu wa duka," akasema. "Hatuulizi." Akaenda kuleta ndoo ya silikoni.

Kazi yenyewe kwa maneno ni rahisi. Unasimamisha kitu chako ndani ya sanduku, unamimina silikoni kukizunguka, ikiganda unakitoa, na pale kilipokuwa panabaki shimo lenye umbo lake. Hiyo ndiyo kalibu. Ndani ya shimo hilo unamimina resini. Nilitengeneza sanduku la plaiwudi, nikaziba pembe zake na ule udongo laini wa rangi wanaochezea watoto wa chekechea, nikaipaka osuri mafuta ya mgando, nikamimina. Kesho yake silikoni ya juu ilikuwa imeganda vizuri. Ya chini, kila mahali ilipogusana na udongo wa chekechea, ilikuwa apoth. Si kwa mfano. Ilivutika kutoka kwenye kijiko kama ile mboga ya mrenda tunayoiita apoth inavyovutika, na ikaendelea kuvutika siku zote nilizoiacha. Kumbe silikoni ya aina ile ikigusana na kitu chenye salfa kidogo tu inakataa kuganda, na udongo ule una salfa. Glavu zangu za mpira pia. Nilikuwa nimeikutanisha na vitu viwili inavyovichukia zaidi duniani.

Baba alikuwa amehamisha kiti chake ili aone vizuri. "Wakati wangu," akasema, "mtu akienda chuo kikuu alirudi na shahada. Hakurudi na apoth."

Nikaiosha osuri, nikaziba pembe kwa gundi ya moto, nikanunua ndoo nyingine. Safari hii sanduku lilivuja kwenye zulia, lakini kilichobaki ndani kiliganda chote, kigumu kiasi, chepesi kukunjika, kizuri kabisa. Nilichokuwa nimesahau ni mchwa. Silikoni ilikuwa imepita kwenye kila njia waliyoichimba, imeingia mpaka moyoni mwa mti. Nilipovuta, osuri haikutoka. Nilipovuta zaidi ilitoka vipandevipande, na unga, na mchwa mmoja mzima aliyekufa, na ndani ya kalibu zikabaki nywele za silikoni zimesimama kila upande.

Baba aliinuka, akashika mshono wake, akaja kuangalia. Alitazama vile vipande sakafuni.

"Kwa hiyo sasa niko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha shimo. "Humo."

Akainama akachungulia ndani kama mtu anayetafuta mbuzi aliyetumbukia kisimani. Alichungulia kwa muda mrefu. Toka siku hiyo ile kalibu haikuachwa peke yake. Aliifunika kwa taulo, akaisogeza mbali na jua la dirishani, na wakati wa taarifa ya habari aliiweka kwenye kiti kilicho karibu naye. Mara moja nilimsikia akiiambia kwamba serikali hii haina mpango. Mimi niliacha kucheka, kwa sababu nilianza kuelewa kwamba nimemvunja baba yangu na kilichobaki chake ni tundu.

Nilizikata zile nywele kwa mkasi wa kucha, nikamimina resini ya kwanza. Chupani waliandika vipimo vya uzani vya resini na dawa yake ya kugandisha. Mimi nilipima kwa kikombe cha uji. Siku zikapita, resini ikabaki kama tofi. Mvua zilikuwa zimeanza na hewa ya ziwani ilikuwa nzito, nikasema labda ni unyevu. Baba akaibonyeza ili ajionee, kidole kikanasa, na alipokivuta tukapata osuri yenye alama ya kidole cha mwenyewe. Kwa dakika kadhaa alitaka tuiache hivyo, kama saini.

Ya pili niliipima kwa mizani ya jikoni, lakini kwa haraka yangu nikaongeza dawa ya kugandisha na kumimina yote kwa mkupuo. Resini ikiwa nyingi mahali pamoja hujipasha moto yenyewe. Kwanza ikawa vuguvugu, halafu ikafuka, halafu ikapasuka kwa sauti, na moshi mweupe ukatoka kwenye veranda ukavuka ua. Jirani akauliza kutoka upande wa pili, "Mama, mnachoma nini huko?"

"Wananichoma mimi," baba akajibu kutoka kwenye kiti.

"Pole, mzee," akasema jirani, na nikasikia dirisha likifungwa.

Ya tatu nilijifunza. Chupa nilizitia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ili viputo vipande juu, nikakoroga polepole kama anayepika uji wa mgonjwa, nikamimina kidogo, nikangoja, nikamimina tena. Ilitoka kamili. Nundu tatu, ncha, mwinamo wa upande wa ziwa, hata vijishimo vya mchwa. Ila nilikuwa nimesahau rangi. Ilikuwa angavu kama glasi, na ukiitazama kwa ndani unaona nyumba ya jirani kichwa chini.

"Nikiiweka hiyo," akasema baba, "watu watasema nimeacha kanisa nimefungua baa."

Kwa hiyo nikaenda kwa maseremala wa barabarani kuomba vumbi la mbao, nikaongeza kakao, na ya nne ilitoka kama mti uliokaa juani miaka mingi, isipokuwa ilinuka kama sherehe ya mtoto. Baba aliipapasa. Alipitisha kidole kwenye kila nundu kama anayehesabu shanga.

"Mchwa?"

"Hawawezi kuila."

"Kwa hiyo itakaa."

"Itakaa, Baba."

Akafikiri. "Na siku ile, wataivunjaje?"

Nilikuwa nimefikiria salfa, unyevu, uzani, viputo na rangi. Hilo sikulifikiria. Nikamwambia labda kwa msumeno wa chuma. Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba tunazungumzia bomba. "Waambie wasitumie panga," akasema. "Wataumia bure."

Kabla ya kuipeleka niliijaribu kwenye bati la banda la kuku. Kufikia saa saba mchana jua lilikuwa limeilegeza, na ikaanza kuinama zaidi, taratibu, kama mtu kwenye mahubiri marefu. Baba aliiona kupitia dirishani. Akasema anahisi miguu haina nguvu, akaomba kiti akiwa ameshakaa kwenye kiti. Ndiyo maana ya tano ina nondo.

Ikabaki kuipandisha. Kwetu mwanamke hapandi paa la nyumba ya mwenye boma, kwa hiyo mama na mimi tulikuwa nje ya hesabu, na baba alikuwa na mshono. Mafundi wa kule Asembo wote wana midomo. Nikatafuta fundi wa dishi za televisheni kutoka Ahero, mtu ambaye hajui ni nyumba ya nani na ambaye hakuna anayeshangaa kumwona juu ya paa. Tukaenda Jumapili wakati watu wote wako kanisani, mama akiwa miongoni mwao. Ufunguo alikuwa ameuacha chini ya beseni. Boma lilikuwa limefagiwa likawa jeupe. Kwenye ua palikuwa na godoro limeanikwa, nikadhani mama anapunga hewa vitu vyake. Fundi alipanda, akafunga, akageuza kidogo kushoto na kulia kwa mazoea ya kazi yake.

"Mama, hii inashika stesheni gani?" akauliza kutoka juu.

"Ya nyumbani," nikasema. "Igeuze upande wa ziwa."

Ilionekana kana kwamba haijawahi kuondoka. Nilirudi Kisumu nikiwa mtu mwenye furaha ya kipumbavu, nikamweleza baba, naye akaanza kurudisha mashati kwenye begi. Alikuwa amefika kwenye soksi simu yangu ilipolia. Ilikuwa mama, na nyuma yake kulikuwa na sauti nyingi.

"Mpe baba yako simu."

"Kuna nini?"

"Dada yake yuko hapa. Alikuja jana na godoro."

Huku kwetu mtu haji na godoro kusalimia. Anakuja nalo matanga. Nikakumbuka boma lililofagiwa.

"Nilidhani amekuja kunisaidia kuvuna maharagwe," mama akaendelea. "Kumbe alipita barabarani wiki iliyopita akaona paa tupu, akampigia ndugu yake, simu imezimwa. Jana alikuwa analia kimyakimya. Leo tumetoka kanisani, amekuta osuri imerudi, sasa analia kwa hasira. Anasema tumeficha kifo na kuweka kijiti cha kudanganya watu. Ameshawaambia mwili uko Kisumu."

"Mwili uko Kisumu," baba akasema kutoka kwenye kiti, kwa maana simu yangu ina sauti kubwa. "Unakunja soksi."

Nikamwekea simu mbele ya mdomo. Zile sauti za nyuma zikazimika, na shangazi akaja hewani, mkavu kama karani wa mahakama.

"Sauti ni yake," akasema, akiwaambia watu, si yeye. "Lakini wajukuu wangu wamenionyesha, siku hizi kuna mashine zinaiga sauti ya mtu mpaka kikohozi. Nitauliza swali."

"Uliza," akasema baba.

"Nani alivunja chungu cha mama?"

Lazima nieleze. Walipokuwa watoto, chungu cha maji cha nyanya kilivunjika, shangazi akachapwa. Kila Krismasi tangu nipate akili nimesikia kesi hiyo ikifufuliwa. Shangazi anasema ni baba. Baba anasema ni shangazi. Sisi wengine wote tunajua ni baba, na nadhani baba anajua zaidi yetu.

Alitazama dari. Alitazama begi. Mimi nilimwona akipima mpaka kama zamani kazini, huku ukweli na uzee wa kanisa, kule nyumba yake. Huko Asembo kundi zima la watu lilikuwa likisubiri.

"Wewe," akasema.

Kulikuwa na pumzi ndefu upande wa pili.

"Ni yeye," shangazi akawaambia. "Mashine ingeona aibu." Nikasikia viti vikisogezwa, mtu akicheka, mwingine akilalamika kwamba ameacha kuku wake bure. Kisha akarudi kwenye simu. "Na osuri ilikuwa imeenda wapi?"

"Osuri gani?" akauliza baba, akiinama kutafuta viatu vyake chini ya meza.

"Rudi nyumbani, mwongo wewe," akasema shangazi. "Na uje na sukari. Watu wako wamemaliza yote."